Mboga Chini ya Migomba: Historia ya Kihamba cha Wachaga

Kihamba ni shamba linaloizunguka nyumba ya Mchaga kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nalo hurithishwa ndani ya ukoo. Wengi wakikitaja huwaza ndizi na kahawa. Mboga, ambazo ndizo zinazochumwa karibu kila siku, zimeandikwa kidogo mno, pengine kwa sababu zilikuwa kazi ya wanawake na hazikuuzwa kwa mzani.

Juu kabisa husimama mringaringa na mfuruanje, chini yake migomba, kisha kahawa. Kahawa yenyewe ni mgeni: wamisionari Wakatoliki wa Kilema waliileta mwishoni mwa karne ya 19. Kwenye kivuli kilichobaki, karibu na jiko, ndipo penye mnafu, mchicha, maboga na maharage, na majimbi hushika kingo za mifereji penye unyevu.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mnafu huota hata pasipopandwa, maana ndege hula tunda lake jeusi na kudondosha mbegu. Mama huchuma ncha tu, kwa kucha za kidole gumba na cha shahada, ili shina lichipue upya. Ang'oaye mche mzima hula mara moja. Vuli huleta mvua nyingine, fupi zaidi.

Kazi ilikuwa kuvuka kiangazi. Hapo ndipo mifongo ilipohitajika, mifereji iliyochimbwa na koo kutoka vijito vya juu na kupitishwa ubavuni mwa mlima. Mvumbuzi Mwingereza Harry Johnston, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1884, aliisifu. Maji yaligawiwa kwa zamu. Usiku yalikusanywa katika nduwa, bwawa dogo la udongo, na asubuhi mwenye zamu alibomoa kizibo kwa jembe, maji yakatambaa kati ya mashina. Mfongo ulisafishwa kwa pamoja, na asiyetokea alijiweka katika hatari ya kukosa zamu.

Rutuba ilitoka zizini. Ng'ombe alifungwa na kulishwa majani yaliyobebwa kichwani kutoka tambarare, pamoja na mashina ya migomba, na samadi yake ikarudi shambani.

Baada ya chama cha wakulima wazawa kuundwa mwaka 1925, na chama cha ushirika cha KNCU kufuata mwaka 1933, kahawa ilitawala hesabu za kaya. Ilikuwa ya mume. Ndizi na mboga zilibaki mikononi mwa mke, ambaye alibeba ziada sokoni na kununua chumvi au mafuta ya taa. Bei ya kahawa ilipoporomoka mwishoni mwa miaka ya 1980, baadhi ya familia ziling'oa mibuni, zikapanda nyanya na kabichi. Mazao hayo hutaka jua, hivyo miti ya kivuli nayo ikapunguzwa, wakati vihamba vyenyewe vilikuwa vimeshagawanywa vipande vidogo kwa wana. Mnafu, usiodai nafasi wala jua kali, bado unachumwa ukutani mwa jiko.