Mafuvu, Fataki na Mtoto wa Kwenye TV: Kutisha Watu Kunasaidia?

Tangazo la ukatili wa watoto likirushwa kwenye TV na kuonyesha kipigo chenyewe, au mtoto aliyejikunyata kitandani huku kitasa cha mlango kikizunguka taratibu, watu hugawanyika timu mbili fasta. Timu ya kwanza inasema acha waone, maana huko majumbani ni kubaya kuliko hapo. Timu ya pili inasema ilikuwa saa mbili usiku, watoto wako sebuleni, nani amewapa ruhusa ya kutuletea mambo hayo na chakula kipo mezani? Zote mbili zinaongea kama vile jambo hili limeanza juzi. Kumbe kuna mkoa mmoja Tanzania ulishatishwa vya kutosha kabla hata ya TV kufika, na matokeo yake yapo wazi kwa anayetaka kuyasoma. Kagera.

Chukua kata ya Nyaishozi, wilayani Karagwe. Migomba, kahawa, maharage, ng'ombe, na watu wanaojuana hadi ukoo wa bibi. Zamani Karagwe ilikuwa wilaya moja kubwa, Kyerwa ikakatwa kutoka humo mwaka 2012. Mwaka 1983 wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika mkoani Kagera. Wenyeji walikuwa wameshaupa ugonjwa jina lao, "Juliana", kutokana na nguo zilizovuka mpaka kutoka Uganda na wafanyabiashara wa magendo. Mtu akikonda wanasema kavaa Juliana. Kufikia 1987, watafiti walipopima watu wazima wa Bukoba Mjini, karibu mmoja katika kila wanne alikuwa na virusi. Soma hiyo tena: mmoja kwa wanne.

Serikali ilikuwa na silaha gani? Redio ya taifa, mikutano ya hadhara na mabango. TV Bara ilikuja mwaka 1994 (Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 70, ila hiyo ni stori nyingine). Basi mabango yakabandikwa zahanati, shuleni, ofisi za kata: mafuvu, mifupa, majeneza, mgonjwa aliyebaki ngozi, na maneno makubwa kwamba UKIMWI unaua. Ng'ambo ya mpaka, redio ya Uganda ilipiga ngoma ya hatari kabla ya tangazo. Na hata wazungu walifanya hivyo hivyo. Australia mwaka 1987 ilirusha tangazo la TV ambalo Kifo, kikiwa kimevaa joho jeusi, kinacheza mchezo wa kuangusha vigingi, ila vigingi vyenyewe ni watu, mpaka mama na mtoto wake. Nia ilikuwa kuokoa maisha. Hakuna wa kuwalaumu kwa nia.

Lakini angalia kilichotokea mtaani. Kwanza, watu walizoea. Vijana wa mjini wakachukua zile herufi za Kiingereza, A-I-D-S, wakazipa maana yao: "Acha Iniue, Dogodogo Siachi." Watu walicheka sana, ikaingia kwenye stori za vijiweni na kwenye vilabu vya pombe. Fuvu la kwenye bango likageuka kichekesho.

Sasa usiupite huo utani haraka, maana ndani yake kuna neno moja ambalo ndilo kiini cha habari yote: dogodogo. Huyo dogodogo ni nani? Ni binti mdogo. Mara nyingi ni denti. Mafuvu yalimwambia mwanaume kwamba mwanamke mtu mzima ni hatari, anaweza kuwa nao. Hayakumwambia la kufanya zaidi ya kuogopa. Na mwanaume aliyeogopa, badala ya kutulia, akapiga hesabu yake ya kijinga: nitafute asiyewahi kuguswa. Hilo lilionekana Kagera, Uganda, Kenya, karibu kila mahali ugonjwa ulipopita. Yaani tangazo la kutisha lililolenga watu wazima likaishia kuelekeza hatari kwa watoto. Aliyelibuni hakukusudia hivyo hata kidogo, lakini hofu ambayo haijaonyeshwa pa kwenda hujitafutia yenyewe, na kwa kawaida hushukia kwa asiye na wa kumtetea.

Na Kagera wakati huo ilikuwa imejaa watoto wasio na wa kuwatetea. Yatima walikuwa wengi kiasi kwamba makanisa na mashirika yalianzisha huduma maalum kwa ajili yao, na nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu tu. Bibi ana miaka 70, anaenda shamba alfajiri. Mjukuu ana miaka 13, anabaki na nyumba. Jirani anajua hayo yote.

Timu ya kwanza hapa itanyoosha mkono: mbona maambukizi yalishuka? Ni kweli, Bukoba Mjini yalishuka kutoka asilimia 24 mwaka 1987 hadi 18 mwaka 1993 na 13 mwaka 1996. Hiyo ni habari kubwa na inastahili heshima. Ila kuyapa mabango sifa hiyo ni kuwakosea waliozika. Miaka hiyo familia zilikuwa msibani kila wiki. Mtu aliyemzika kaka yake, kisha shemeji yake, kisha mwalimu wa mwanawe, hakuhitaji kuchorewa fuvu na mtu wa Dar.

Ikapita miaka karibu 20. Kuanzia 2008 redio zikaanza kurusha matangazo ya aina nyingine kabisa. Jamaa mmoja mtu mzima, ana hela, ana maneno matamu, anamvizia binti: nitakupa lifti, nitakununulia chipsi, simu yako mbona ya zamani. Jina lake Fataki. Kila tangazo Fataki anakaribia kufanikiwa, kila tangazo anaumbuka, kwa sababu kuna mtu wa pembeni anaingilia: shoga wa binti, mhudumu wa mgahawa, jirani. Hakuna damu wala kilio, na hakuna mtoto aliyepigwa picha ya majeraha. Watu walicheka, kama walivyocheka na "Acha Iniue", lakini safari hii aliyechekwa alikuwa mwingine. Zamani kicheko kilikuwa cha yule mzee anayewinda. Sasa kikawa juu yake.

Ndani ya muda mfupi neno likahamia mtaani. Konda akimwona mzee kakaa na mwanafunzi siti ya nyuma, anapaza sauti, "Fataki huyo!" Magazeti yakalitumia bila hata kulifafanua. Na hilo ndilo jambo ambalo mafuvu hayakuwahi kufanya, yaani kumpa jirani neno la kusema. Kabla ya hapo, ukimwona mtu mzima mwenye heshima zake, labda ndiye aliyekukopesha hela ya mbegu, ukamwambia nini? Kijijini huwezi kumwita mtu mbakaji kwenye kadamnasi na kesho mkutane kisimani. Lakini "we mzee usiwe Fataki" inasemeka, tena huku unacheka, na ujumbe unafika.

Fataki naye ana udhaifu wake, tusimpambe. Anakuja na gari. Anatoka nje ya kijiji, amevaa vizuri, unamwona kwa mbali. Utafiti mkubwa wa kitaifa uliofanyika 2009 na kutolewa 2011 ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Wengi walifanyiwa kwenye nyumba ya mtu, shuleni, au njiani kwenda na kurudi shule, na majirani walikuwa juu kabisa kwenye orodha ya watendaji. Hao hawaji na gari, wanakuja na kuomba moto wa kuwashia jiko. Na namba inayouma zaidi kwenye utafiti ule ni ya ukimya: karibu nusu ya wasichana hao, na wavulana wengi kuliko hapo, hawakuwahi kumwambia mtu yeyote.

Sasa lilete lile tangazo la TV kwenye nyumba ya namna hiyo. Waingereza wamebishana juu ya haya kwa miaka. Mwaka 2002 shirika lao la NSPCC lilirusha tangazo ambalo baba anampiga mtoto wa katuni, anamrusha ukutani, na kila mara mtoto anainuka kama katuni zote, huku nyuma kuna vicheko. Mwisho anatupwa ngazini, na chini ya ngazi hayupo tena wa katuni. Amelala mtoto halisi, kimya. Mwaka 2008 Barnardo's wakaonyesha binti akipigwa kofi tena na tena, na malalamiko zaidi ya 800 yakapelekwa kwa msimamizi wa matangazo. Msimamizi akayakataa, akaona lengo lilistahili ukali ule.

Kwa Uingereza uamuzi ule ulikuwa sahihi, na sababu yake haipo kwenye picha. Mtazamaji wa kule akishtuka ana namba ya kupiga, kuna mtu anapokea, kuna ofisi inayofungua faili, na aliyepiga hakai ukoo mmoja na mtuhumiwa. Mshtuko una pa kwenda. Ukiirusha picha ile ile Nyaishozi bila hayo, umerudisha mafuvu.

Na kuna jambo ambalo wabunifu wa matangazo hulisahau: mshtuko unategemea kwamba mtazamaji tayari anaona hilo ni baya. Tangazo la kofi kwa mzazi wa hapa? Wengi watauliza, sasa hapo kosa liko wapi, si ndiyo malezi? Utafiti ule ule wa 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana wamepigwa kwa ukatili walipokuwa watoto, na wapigaji wakuu ni wazazi na walimu. Agosti 2018, katika shule ya msingi Kibeta mjini Bukoba, mwanafunzi wa miaka 13 alifariki baada ya kuchapwa na mwalimu kwa tuhuma ya kuiba mkoba. Nchi nzima ilishtuka, na Machi 2019 mwalimu akahukumiwa kunyongwa. Hakuna tangazo duniani linaloweza kushtua kuliko hilo. Lakini kanuni ya 2002 inayoruhusu hadi viboko 4 shuleni haikuondoka siku hiyo. Watu walimhukumu mtu mmoja, fimbo ikabaki ofisini kwa mwalimu mkuu.

Sheria zenyewe nazo ni aina ya tangazo la kutisha. Tangu 1998 kubaka mtoto ni miaka 30 au maisha, na tangu 2016 kumpa mimba mwanafunzi ni miaka 30. Inaridhisha ukiisoma. Ila fikiria familia ambayo mtuhumiwa ni mjomba, ndiye anayelipa ada za watoto wote. Miaka 30 inawatisha wao kuliko inavyomtisha yeye. Wanakaa kikao cha ukoo, mbuzi anatolewa, hela kidogo, binti anapelekwa kwa shangazi wilaya nyingine. Yameisha. Polisi wanaletewa kesi ambayo shahidi wake hajulikani alipo.

Halafu kuna sisi wa simu janja, ambao kila mmoja sasa ni kituo cha TV. Mwaka 2024, wilayani Muleba, hapo hapo Kagera, mtoto mwenye ualbino asiyefikisha hata miaka 3 aliibwa Mei 30 na mwili wake ukapatikana Juni 17. Baba mzazi alikuwa miongoni mwa watu 9 waliofikishwa mahakamani. Picha ya yule mtoto ilishewa maelfu kwa maelfu, nyingi na mshumaa na emoji ya machozi. Uchungu ulikuwa wa kweli. Lakini kuna watoto wengine wenye ualbino waliobaki kwenye vijiji vile vile, na kila mmoja wao aliiona ile picha.

Kwa hiyo, yanahalalishwa? Ndiyo, kwa masharti magumu. Tangazo kali lina haki ya kuwepo likimlenga shahidi, yule jirani, bibi, konda, mwalimu wa zamu, na sio kumtisha mtendaji ambaye analitazama kwenye kibanda umiza akitafuna karanga na kusema "dunia imeharibika". Litumie mwigizaji au katuni, kamwe si mtoto halisi, maana kwenye kata ambayo watu wanatambuana kwa mwendo tu, kumziba macho kwa ukanda mweusi ni utani. Na sekunde za mwisho zisiwe za muziki wa huzuni. Ziwe za namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo ni bure, isomwe mara mbili taratibu, pamoja na kumkumbusha mtu kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa aipeleke serikali ya mtaa au kijiji. Wengi hadi leo wanadhani kuripoti ni umbea.

Karagwe wana redio yao ya jamii, FADECO, tangu 2007, hivyo tangazo la namna hiyo halihitaji hata TV. Tatizo dogo: kanuni za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza, na yule bibi wa miaka 70 anayelea wajukuu, ambaye ndiye shahidi wa kwanza wa kila kinachotokea pale nyumbani, mambo mazito bado anayazungumza kwa Kinyambo.