Chama kinachohesabu ndege wa Kenya tangu 1909

Chama cha Historia Asilia cha Afrika Mashariki, ambacho siku hizi kinafahamika zaidi kwa jina la Nature Kenya, ni miongoni mwa vyama vikongwe vya aina yake barani Afrika. Kazi yake kubwa imejengwa juu ya jambo dogo: mwanachama anamwona mnyama au ndege, kisha anaandika ni nani, wapi na lini.

Asili yake

Chama kiliasisiwa mwaka 1909 mjini Nairobi. Frederick Jackson, afisa mwandamizi wa utawala wa kikoloni aliyekuwa mjuzi wa ndege, alikuwa miongoni mwa waasisi. Mwaka uliofuata wanachama walianza kuchapisha jarida na kufungua makumbusho ya kuhifadhi vielelezo walivyokusanya, mahali liliposimama leo jengo la Nyayo House. Makumbusho hayo ndiyo chimbuko la Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Wakati huo elimu hiyo ilikuwa mikononi mwa Wazungu wachache. Leo wanachama ni pamoja na wanafunzi, walimu, wakulima na waongoza watalii. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, matembezi ya Jumatano asubuhi kutoka Makumbusho, ambayo kwa miaka mingi yaliongozwa na Fleur Ng'weno, yamewafunza Wakenya wengi kuwatambua ndege.

Namna ya kuhesabu

Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege. Mwaka 1989 Adrian Lewis na Derek Pomeroy walichapisha atlasi iliyoonyesha kila aina ilikopatikana. Mwaka 2013 ulianza mradi mpya wa ramani ya ndege, ambapo nchi imegawanywa katika miraba yenye upana wa takriban kilomita 9. Mtazamaji hutumia angalau saa 2 katika mraba mmoja, akiorodhesha kila aina kwa utaratibu alioiona. Kwa kulinganisha ramani hizo mbili, wataalamu wanaweza kutambua ndege waliotoweka mahali walipokuwapo zamani.

Mfano wa Kinangop

Umuhimu wa kumbukumbu hizo unaonekana katika uwanda wa Kinangop, Nyandarua. Huko anaishi Macronyx sharpei, ndege mdogo mwenye kifua cha manjano asiyepatikana nje ya Kenya. Ndege huyu hutegemea nyasi fupi za nyanda za juu, wala hakai katika shamba lililolimwa. Lakini ardhi kubwa ya huko ni mali ya wakulima, na viazi, kabichi na ngano huleta fedha haraka kuliko malisho.

Chama kimenunua vipande kadhaa vya ardhi ili kuhifadhi nyasi hizo, nao wenyeji wa Njabini walianzisha ufumaji wa sufu, kwa kuwa kondoo nao wanahitaji malisho. Hata hivyo, vipande hivyo ni vidogo, na ndege huyo bado yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani.

Nyasi zinapolimwa, hakuna tangazo linalotolewa. Shahidi anayebaki ni daftari la mtu aliyepita hapo zamani na kuandika tarehe, mahali na jina la ndege aliyemwona.