Vita vya Madagascar vya 1942: Askari wa Keya walipokivuka kisiwa cha Bukini

WAKENYA wengi wanaposimulia habari za babu zao waliopigana katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, hutaja Abisinia na Burma. Ni nadra kusikia Madagascar ikitajwa, kisiwa ambacho wazee wa Pwani walikiita Bukini. Ilhali ni huko ambako, kati ya Mei 5 na Novemba 6, 1942, majeshi ya Uingereza na yale ya Ufaransa yalipigana, huku Waafrika wakiwa wengi katika pande zote mbili.

Ufaransa iliposalimu amri mbele ya Ujerumani mnamo Juni 1940, koloni yake ya Madagascar ilibaki mikononi mwa serikali ya Vichy, iliyokuwa ikishirikiana na Wajerumani. Kwa takriban miaka miwili Waingereza hawakuona haja ya kukivamia kisiwa hicho. Mambo yaligeuka pale Wajapani walipoiteka Singapore mnamo Februari 15, 1942, na mwanzoni mwa Aprili ndege zao zikashambulia Colombo na Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka.

Manowari za Uingereza zililazimika kurudi nyuma hadi Kilindini, Mombasa. Hata shule ya Allidina Visram mjini humo ilitwaliwa, ikawa mahali pa wataalamu waliokuwa wakifumbua maandishi ya siri ya Wajapani. Hofu ya wakuu wa vita jijini London ilikuwa moja: lau Wajapani wangeipata bandari ya Diego Suarez (sasa Antsiranana), kaskazini mwa Madagascar, nyambizi zao zingeikata njia ya meli zilizopeleka askari na silaha Misri na India.

Alfajiri ya Mei 5, Waingereza walitua katika ghuba zilizo magharibi mwa bandari hiyo, upande ambao Wafaransa hawakutarajia kushambuliwa. Jenerali Charles de Gaulle, kiongozi wa Wafaransa Huru, hakuwa ameambiwa lolote. Mashambulizi ya kwanza ya nchi kavu yalikwama mbele ya ngome za mji. Usiku wa Mei 6, manowari Anthony iliingia kwa kasi bandarini gizani na kuwashusha askari wapatao 50 nyuma ya walinzi, na mji ukaanguka kesho yake.

Hofu ya Wajapani haikuwa ya bure. Mnamo Mei 30, nyambizi yao ndogo ilipenya hadi ndani ya bandari, ikaitoboa manowari kubwa Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta iliyoitwa British Loyalty.

Hata hivyo, Gavana Armand Annet alikataa kusalimu amri. Alikuwa na askari wapatao 8,000, wengi wao Wamalagasi, pamoja na wengine kutoka Senegal. Kisiwa ni kikubwa kuliko Kenya yenyewe, na sehemu yote iliyosalia ilikuwa bado mikononi mwake. Hapo ndipo Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ilipoingia, ikiwa na vikosi vya King's African Rifles, yaani Keya, kutoka Kenya, Tanganyika na Nyasaland.

Mnamo Septemba 10, Waingereza walitua Majunga, pwani ya magharibi, na askari wa Keya wakashika barabara ya kuelekea Tananarive, mji mkuu, safari ya zaidi ya kilomita 500. Haikuwa vita ya mapigano makubwa. Wafaransa walikuwa wakirudi nyuma huku wakibomoa madaraja, wakiangusha miti na kurundika mawe barabarani, almuradi kuchelewesha tu. Askari aliyeondoka nyumbani akidhani atashika bunduki alijikuta akishika shoka na sururu siku nzima. Malaria nayo iliwaangusha wengi kuliko risasi.

Baada ya mapambano ya Mahitsy, karibu na mji mkuu, Tananarive ilitekwa Septemba 23. Annet alikuwa tayari amekimbilia kusini. Askari wa Keya walimfuata kupitia Antsirabe na Ambositra hadi Andramanalina, ambako Wafaransa walikuwa wamejichimbia bondeni wakiwavizia. Badala ya kupita njia kuu, askari hao waligawanyika makundi mawili, wakazunguka milimani na kutokea nyuma ya adui. Mnamo Oktoba 19 mamia walitekwa.

Mapatano ya kusitisha vita yalitiwa saini Ambalavao, yakaanza kutekelezwa dakika moja baada ya usiku wa manane, Novemba 6. Inasimuliwa kwamba saa hiyo haikuchaguliwa ovyo: Wafaransa waliopigana kwa zaidi ya miezi sita walistahili nishani na nyongeza ya malipo, na vita ilikuwa imeanza Mei 5.

Wamalagasi hawakuulizwa lolote katika hayo yote. Mnamo Januari 1943 Waingereza walikikabidhi kisiwa kwa Wafaransa Huru, chini ya Jenerali Paul Legentilhomme. Utawala huo mpya uliendeleza kazi ya shokoa na kuwatwaa wakulima mchele wao kwa bei iliyowekwa na serikali. Ghadhabu hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu za maasi yaliyozuka Machi 29, 1947, ambayo Wafaransa waliyazima kwa umwagaji mkubwa wa damu, wakiwatumia tena askari kutoka Senegal. Uhuru ulipatikana Juni 26, 1960.

Brigedi ya 22 nayo haikupewa muda mrefu wa kupumzika, kwani baadaye ilivushwa bahari kwenda kupigana na Wajapani huko Burma. Wenzao waliobaki nyuma wamelala katika makaburi ya vita ya Antsiranana, pamoja na askari wa Kiingereza walioanguka Mei.