Msaada Kabla ya Adhabu: Watabibu wa Akili Wanapougua

Mganga hajigangi, walisema wahenga, lakini kanuni za maadili ya tiba ya akili mara nyingi huandikwa kana kwamba anaweza. Kanuni ya 2.06 ya American Psychological Association inamtaka mwanasaikolojia anayetambua kwamba matatizo yake binafsi yanaweza kuharibu kazi yake achukue hatua zifaazo, kama vile kutafuta ushauri wa kitaalamu, kisha aamue iwapo apunguze kazi, aisimamishe au aiache. Kasoro iko wazi: anayekabidhiwa jukumu la kupima uwezo wake ndiye ambaye uwezo wake wa kupima umedhoofika. Makala hii inatetea hoja kwamba pengo hilo linaweza kuzibwa na programu za usaidizi zinazoendeshwa na wanataaluma wenza, mradi zitenganishwe na chombo chenye mamlaka ya kufuta leseni.

Elimu peke yake haimkingi mtabibu. Katika utafiti wa Kenneth Pope na Barbara Tabachnick uliochapishwa mwaka 1994, wanasaikolojia 476 wa Marekani walijibu dodoso. Asilimia 61 walisema wamewahi kupatwa na sonona angalau mara moja, na asilimia 29 wamewahi kuwaza kujiua.

Hofu ya kujulikana huzidisha hatari. Daksha Emson, daktari wa magonjwa ya akili jijini London, aliishi na ugonjwa wa baipola kwa miaka mingi huku akiogopa habari zake zisienee kazini. Aliacha dawa kwa ajili ya ujauzito. Oktoba 2000 alimuua binti yake wa miezi mitatu na kujijeruhi vibaya. Naye akafariki baadaye. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2003 ilionyesha kwamba matibabu aliyopata yalikuwa duni kuliko ambayo wagonjwa wake wangetarajia kupata. Udaktari wake ulikuwa umegeuka kizuizi cha tiba. Msiba huo ulichangia kuanzishwa, mwaka 2008, kwa Practitioner Health Programme, huduma iliyoanzia London ambayo daktari huiendea mwenyewe, kwa siri, bila kupitia kwa mwajiri.

Wapinzani husema usiri wa namna hii hulinda taaluma na kumtelekeza mteja. Pingamizi hilo ni zito, lakini ushahidi hauliungi mkono kikamilifu. Thomas McLellan na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2008, walifuatilia madaktari wa Marekani wenye uraibu wa pombe na dawa za kulevya waliokuwa chini ya programu 16 za majimbo. Kati ya 802 ambao matokeo yao yalijulikana, 631 walikuwa na leseni na wakifanya kazi baada ya miaka 5. Waliorudi kazini walikuwa chini ya usimamizi, na mkojo wao ulipimwa mara kwa mara.

Hata hivyo, mfumo huo hauwezi kuhamishiwa kwa watabibu wa akili jinsi ulivyo. Huzuni na uchovu wa kazi havionekani kwenye mkojo. Aidha, mtabibu hufanya kazi peke yake ndani ya chumba kilichofungwa, na shahidi pekee ni mteja ambaye maneno yake hudharauliwa kwa sababu ni mgonjwa. Hapa ufuatiliaji hauna budi kufanywa na mwanataaluma mwenza mzoefu anayekutana naye kila wiki, kupitia kesi zake na kumpunguzia idadi ya wateja.

Upo pia upande wa pili wa hatari: programu kugeuka mkono wa bodi ya leseni. Mwaka 2014 mkaguzi wa serikali katika jimbo la North Carolina aliikagua programu ya madaktari wa jimbo hilo. Hakukuta ushahidi kwamba madaktari walionewa, ila alibaini kuwa haukuwapo utaratibu huru wa kupinga tathmini.

Kwa hiyo masharti yaandikwe tangu siku ya kwanza. Jina la aliyekuja kwa hiari lisifikishwe kwenye bodi ila mteja akiwa hatarini, au makubaliano na programu yakivunjwa. Anayepinga tathmini asikilizwe na mtu asiye na maslahi katika programu. Bodi ibaki na mamlaka yake kamili juu ya malalamiko ya wateja. Pasipo mipaka hiyo, mtabibu anayeugua ataendelea kupokea wateja kimyakimya, na bodi itapata habari zake siku mmoja wao atakapokuwa ameshadhurika.