Si Sadaka, ni Nafasi: Habari ya Michezo ya FESPIC



Mwaka wa 1960 muganga mumoja wa Japani, Yutaka Nakamura, alienda Uingereza kujifunza kwa muganga Ludwig Guttmann, kwenye hospitali ya Stoke Mandeville. Kule aliona watu walioumia uti wa mugongo wanacheza michezo, kiisha wanarudia kazi.

Mwaka wa 1964 Paralimpiki ilifanyika Tokyo. Wachezaji wengi wa Japani walitokea hospitali na nyumba za kulelewa. Wageni wengi walikuwa na kazi na jamaa. Basi, mwaka wa 1965 Nakamura akafungua Taiyo no Ie kule Beppu, pahali watu wenye ulemavu wanafanya kazi na kulipwa. Neno lake: si sadaka, ni nafasi.

Lakini safari ya Paralimpiki ilikuwa bei kali kwa inchi nyingi za Asia. Mwaka wa 1975 ikaanza michezo ya FESPIC, ya Asia na Pasifiki, kule Oita na Beppu. Inchi 18 zilifika. Hata wapya kwenye michezo walipokelewa. Ilifanyika mara 9, mpaka Kuala Lumpur 2006. Tangu 2010 ni Michezo ya Para ya Asia.

Sisi wenye kurudi tunajua: unga unasaidia mutu siku za kwanza, lakini kazi ndiyo inamusimamisha. Kwa hiyo ndugu mwenye ulemavu asiandikwe kwenye orodha ya unga peke yake. Aandikwe pia kwenye ile ya shamba, ya mashini ya kushona, na ya mikopo.