Filamu ya mapanki: ugomvi tuliusikia, nyimbo zikatupita

Filamu ya mapanki imevuka miaka 20. Jina lake rasmi ni Darwin's Nightmare, lakini huku Kanda ya Ziwa jina hilo halikushika. Kuanzia Mwanza hadi Kahama na Ushetu ilijulikana kwa mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki baada ya kiwanda kuchukua minofu. Wengi waliogombana juu yake walikuwa hawajaiona. Leo tunakumbuka hotuba na maandamano. Nyimbo zilizomo hazitajwi, na ndizo zinazochoma kuliko yote.

Mtengenezaji wake, Hubert Sauper wa Austria, amesimulia kwamba wazo lilimjia mwaka 1997 katika uwanja wa ndege wa Mwanza. Wakati huo alikuwa akifuatilia wakimbizi wa Rwanda waliokwama Kongo, kazi iliyozaa filamu yake ya Kisangani Diary. Aliona ndege mbili kubwa za mizigo. Moja ilikuwa imeleta tani 45 za njegere kavu kutoka Marekani, chakula cha msaada kwa wakimbizi. Nyingine ilikuwa inapakia tani 50 za samaki kwenda Ulaya. Akafanya urafiki na marubani, akaishi nao, akaishi na wavuvi pia, na mwaka 2004 filamu ikaonyeshwa kwenye tamasha la Venice.

Habari ya sangara yenyewe inajulikana. Alipandikizwa Ziwa Victoria kati ya miaka ya 1950 na 1960, akala samaki wa asili, akaleta viwanda na fedha za kigeni.

Kwa aina yake, hii ni filamu ya matukio halisi, lakini Sauper aliipanga kama kichekesho kichungu. Mapema tu tunamwona mwongoza ndege akihangaika na wadudu kwenye vioo vya mnara huku ndege ya mizigo ikikaribia kutua. Unacheka, kisha unajiuliza unacheka nini.

Halafu tunaingia ofisini kwa mwenye kiwanda cha minofu. Pana samaki wa plastiki aliyebandikwa kwenye ubao. Akiwashwa, anageuza kichwa, anapiga mkia na kuimba Don't Worry, Be Happy, wimbo wa Bobby McFerrin wa mwaka 1988. McFerrin aliurekodi bila ala hata moja, sauti zote zikitoka kinywani na mwilini mwake, na ukashika namba moja Marekani. Ndani ya kiwanda cha Mwanza wimbo huo wa kuwaambia watu wasihofu unaimbwa na samaki asiyeliwa, huku nje watu wakigombea mifupa ya samaki anayeliwa na wengine. Hapakuhitajika msimulizi.

Wimbo wa pili ni wetu. Msichana mmoja, aliyekuwa akiuza mwili wake kwa marubani, anaimba Tanzania, Tanzania, wimbo wa kizalendo unaojulikana na kila aliyesoma shule ya msingi nchini. Anaimba kwa sauti tamu, macho yake kwa wageni ambao neno la Kiswahili hawalijui. Baadaye mtazamaji anaarifiwa kwamba dada huyo ameuawa na mteja kutoka Australia. Wimbo tulioimba mstarini asubuhi, tukiwa na kaptula na sketi za shule, hausikiki tena vilevile.

Ugomvi mkubwa, hata hivyo, haukuhusu nyimbo. Mwaka 2006 filamu ilitajwa miongoni mwa zilizowania Oscar, na huko Ufaransa ikapata tuzo ya César. Mwishoni mwa Julai mwaka huo, Rais Jakaya Kikwete aliishambulia katika hotuba aliyoitoa Mwanza. Hoja zilikuwa kwamba inaichafua nchi, inaharibu soko la samaki, na haina ushahidi wa dai lake kwamba ndege zinazobeba minofu huja na silaha. Watu wakaandamana Mwanza. Mwandishi wa habari Richard Mgamba, aliyezungumza ndani ya filamu, akajikuta uraia wake unahojiwa.

Ufaransa nako moto uliwaka. Mwanahistoria François Garçon aliandika katika jarida la Les Temps modernes kwamba filamu inapotosha: suala la silaha halikuthibitishwa, na sehemu kubwa ya mapanki huishia kwenye chakula cha mifugo. Hapo angeweza kusikilizwa. Lakini alikwenda mbali zaidi, akadai kwamba Sauper aliwalipa watoto ili waigize. Sauper akamshtaki kwa kumchafulia jina, akashinda mwaka 2008, na rufaa ya 2009 haikubadili hukumu.

Serikali ilikuwa na haki ya kudai ushahidi wa silaha. Kwa maoni yangu, haikuwa na haki ya kumwandama aliyezungumza. Na sisi wananchi tulibishana kama mapanki yanaliwa au hayaliwi, tukampita dada aliyeimba jina la nchi yake hadi mwisho.

Sisi wa ukanda wa dhahabu tulipaswa kuielewa filamu hii mapema zaidi, maana nasi tunaishi kando ya mali inayosafirishwa mbali. Mgodi wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu ukaanza uzalishaji 2001, miaka ileile Sauper akirekodi Mwanza. Hata hivyo mchimbaji mdogo, mama lishe wa machimboni na mkulima wa tumbaku wa Ushetu bado hawajapata filamu yao yenye sauti zao. Shinyanga ilimtoa mwigizaji Steven Kanumba, aliyefariki 2012, lakini filamu nyingi za Bongo zilikimbilia vinanda vya kompyuta vinavyolia machozi tangu mwanzo hadi mwisho.

Na hazina ya nyimbo zetu ipo. Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vya Wasukuma, walishindana kwa ngoma na nyimbo za kejeli tangu enzi za mababu. Ng'wanamalundi, mcheza ngoma wa Kisukuma aliyesifiwa kwa miujiza, bado anasimuliwa. Makumbusho ya Bujora, aliyoanzisha Padri David Clement, yametunza ngoma na vifaa vya Wasukuma. Kucheka penye uchungu hatuhitaji kufundishwa na mgeni.

Vijana wenye kamera Kahama na Geita, nendeni mkawarekodi manju wetu, yaani viongozi wa ngoma na nyimbo, wangali hai. Halmashauri zinazopokea ushuru wa huduma kutoka migodini zitenge fungu kwa kazi hiyo. Tusipofanya hivyo, atakuja mwingine kutuimbisha, kisha tutaandamana tena.