PCOS: Chembe nyeupe za damu na hatari kwa moyo

WANAWAKE wengi wenye maradhi ya ovari yajulikanayo kama PCOS humwendea daktari kwa sababu ya hedhi isiyofuata utaratibu, chunusi, ndevu kidevuni au kukosa mimba. Ni wachache wanaofahamu kwamba maradhi hayo huuhusu moyo pia.

PCOS ilielezwa mwaka wa 1935 na madaktari Irving Stein na Michael Leventhal wa Chicago, Marekani. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kuwa huwapata asilimia 8 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 yao hawajui kuwa wanaugua.

Kwa wengi wao, insulini, homoni inayoiwezesha sukari kuingia katika seli, haifanyi kazi ipasavyo. Mwili hutoa insulini nyingi zaidi, nayo huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Wakati huo huo, kinga ya mwili hukaa katika tahadhari ya kudumu, kana kwamba inapigana na adui asiyeonekana.

Tahadhari hiyo huacha alama katika damu. Idadi ya chembe nyeupe mara nyingi huwa juu kuliko kawaida ya wanawake wengine, na protini ya CRP, itolewayo na ini, hupanda. Chembe ziitwazo monosaiti ndizo zinazotiliwa shaka zaidi: hupenya ukuta wa mshipa, humeza lehemu hadi zikajaa mafuta, na hivyo kujenga utando unaoweza kuzuia damu kufika moyoni.

Hata hivyo, unene na maambukizi ya kawaida pia hupandisha viwango hivyo. Kwa hiyo, chembe nyeupe pekee haziwezi kumwambia mgonjwa hatima ya moyo wake.

Mwongozo wa kimataifa wa mwaka wa 2023 unaitaja PCOS miongoni mwa mambo yanayozidisha hatari ya maradhi ya moyo. Unapendekeza shinikizo la damu lipimwe kila mwaka, sukari kila baada ya mwaka 1 hadi 3, na lehemu mara maradhi yanapotambuliwa.

Vipimo hivyo si vya watafutao mtoto pekee. Aliyekwisha kuzaa, na asiyetaka kuzaa, wana moyo ule ule wa kulindwa.